Baijiu si gongo ya Wachina

Ndugu zetu wanaorudi kutoka Guangzhou na Yiwu, China, wengi wao wakiulizwa kuhusu baijiu, pombe kali ya nafaka ya kule, hujibu haraka: ile ni gongo ya Wachina. Mimi sikubaliani nao. Kali ni kali, maana nyingi zina kilevi cha asilimia 38 hadi 53, na zipo zinazozidi hapo. Lakini kuipima pombe kwa namna inavyochoma koo ni kuidhulumu kazi ya watu.

Kazi yenyewe huanzia kwenye mtama, nafaka ambayo asili yake ni huku kwetu Afrika, upande wa Sudani. Katika mji mdogo wa Maotai, kando ya Mto Chishui mkoani Guizhou, ngano husagwa, huloweshwa na kukanyagwa kwa miguu mpaka iwe matofali, kisha hupangwa ndani ya majani makavu ili ivunde na kuota ukungu. Hiyo ndiyo chachu yao, wanaiita qu. Mtama hupikwa kwa mvuke, humwagwa sakafuni upoe, huchanganywa na qu na kufukiwa shimoni. Ukishachacha haukamuliwi. Nafaka hiyo hiyo, ingali na unyevunyevu, hupakiwa kwenye pipa, mvuke unapita katikati yake na kukibeba kilevi juu, nacho kikipozwa kinadondoka. Halafu wanaanza tena. Kwa mwaka mzima mtama ule hupikwa mara 9, huchachushwa mara 8, na pombe hukingwa mara 7. Baada ya hapo inakaa mitungini miaka kadhaa ndipo ichanganywe.

Kule mji wa Luzhou, mkoani Sichuan, yapo mashimo ya udongo yaliyochimbwa mwaka 1573 na yanatumika hadi leo. Vijidudu vilivyozoea kuishi kwenye udongo ule ndivyo vinavyoipa pombe harufu kama ya nanasi lililoiva sana. Ya Maotai inanukia karibu na mchuzi wa soya. Fenjiu, baijiu ya mkoa wa Shanxi inayochachushiwa kwenye mitungi, ni nyepesi zaidi, na anayeanza ningemshauri aanze na hiyo.

Tena haikutengenezwa inywewe kaunta na mtu mmoja aliyekaa na simu yake. Mahali pake ni mezani, kwenye chakula, tena kwenye vikombe vidogo vya kumezwa mara moja. Mwenyeji ndiye huanza kuinua kikombe. Anayemimina huanzia kwa wengine, chake huwa cha mwisho, na kikombe cha mgeni hujazwa hadi ukingoni. Mnapogonganisha, mdogo hukishusha kikombe chake chini kidogo ya ukingo wa kikombe cha mkubwa. Nimewaona watu wawili wakishindana kushuka, kila mmoja akitaka mwenziwe awe juu, hadi vikombe vikagusa meza. Kwetu tuliolelewa kwa shikamoo, heshima ile haihitaji mkalimani.

Kuna upande ninaoupinga bila kumung'unya maneno: bosi kumlazimisha kijana wake anywe ili aonyeshe utii, au mfanyabiashara kuupima uaminifu wa mgeni kwa idadi ya vikombe. Hiyo si heshima, ni ubabe, na Wachina wengi wenyewe, hasa vijana, wameuchoka. Tangu mwaka 2011 kuendesha gari ukiwa umelewa ni kosa la jinai kule, na tangu mwisho wa 2012 serikali imezibana karamu za maofisa. Nafurahi.

Kwa msomaji Mwislamu, au yeyote asiyekunywa, mlango upo wazi: desturi yao inaruhusu chai ishike nafasi ya pombe. Sema mapema, kabla kikombe cha kwanza hakijamiminwa, kwa sababu anayekunywa viwili kisha akakataa cha tatu huonekana amemkataa aliyemmiminia. Simama, shika chai yako kwa mikono miwili, ishushe chini ya kikombe cha mwenyeji, mshukuru kwa chakula. Watakupokea vizuri.