Neti iwekwe juu ya mche au juu ya mti mama?

Ukitoka Segera kwenda Tanga, ukikaribia Muheza unaanza kuona miche ya michungwa imepangwa kando ya barabara kwenye viriba vyeusi. Siku moja nilisimama nikamtazama kijana akibebesha, yaani akiunganisha jicho (chipukizi changa) la mti mmoja kwenye shina la mti mwingine. Mche wa mlimao ulikuwa umefikia unene wa penseli. Akapasua gome kwa umbo la herufi T, kama shubiri moja kutoka udongoni, akachomeka jicho la mchungwa, akalizungushia utepe wa nailoni. Hata dakika haikuisha. Baada ya wiki tatu hivi ataufungua utepe: jicho likiwa kijani limeshika, likiwa jeusi anarudia upande wa pili. Nikamuuliza macho kayatoa wapi. Akanyoosha kidole kwenye mchungwa nyuma ya nyumba: huo ndio mti mama wake.

Mti ule ulikuwa umebeba vizuri, nao kwa kuutazama ni mzima. Lakini macho ya mti wa namna hiyo ndiyo kiini cha ubishi unaoendelea kati ya wataalamu na wenye vitalu. Wapo wanaotaka miche yote ya jamii ya machungwa ikuzwe ndani ya kitalu nyumba cha neti na vitalu vya wazi vipigwe marufuku. Wengine wanaona huko ni kumnyang'anya mnyonge kazi yake.

Kinachoogopwa ni ugonjwa wa ukijani, ambao wataalamu huuita huanglongbing. Bakteria wake hukaa kwenye mirija inayosafirisha chakula cha mti, na huenezwa kwa njia mbili: kidudu kidogo kinachofyonza machipukizi, na jicho la kubebeshea lililotoka kwenye mti mgonjwa. Dawa ya kuuponya mti haipo. Baya zaidi, mti unaweza kukaa mwaka na zaidi bila dalili yoyote. Dalili zikija, lifuate jani kwenye mshipa wake wa kati: mabaka ya njano ya upande huu hayafanani na ya upande ule. Likiwa limepungukiwa zinki tu, pande zote mbili hulingana. Matunda nayo hupinda, hubaki na kijani kitakoni, na huwa machungu.

Zamani pwani ilikuwa na ahueni. Aina ya ugonjwa huu yenye asili ya Afrika, pamoja na kidudu chake, hupenda ubaridi wa milimani. Kisha mwaka 2016 watafiti wakaripoti kidudu cha Asia hapa Tanzania, na baadaye Kenya. Hicho hustawi kwenye joto la mabondeni, yaani hali ya hewa hasa ya Muheza.

Wanaotetea neti wana mifano mizito. Jimbo la São Paulo, Brazil, liliamua kwamba kuanzia 2003 miche ikuzwe ndani ya neti tu. Florida, Marekani, ilichelewa: kidudu kilionekana 1998, ugonjwa ukagunduliwa 2005, sharti la vitalu vilivyofungwa likaanza 2007. Msimu wa 2003/04 Florida ilivuna maboksi zaidi ya milioni 240 ya machungwa, kila boksi kilo 41 hivi. Msimu wa 2024/25 ilivuna kama milioni 12. Tena sehemu ya kuenea kwa kidudu hicho ilitokana na miti ya mapambo iliyokuwa ikisafirishwa na kuuzwa madukani. Mche unaosafiri hubeba vingi.

Hata hivyo, mfano huohuo una upande wa pili. Neti ya kitaluni haikuiokoa Florida, kwa sababu mashamba yalikuwa yamekwisha kuambukizwa. Na wenye vitalu wa kule walikuwa na mitaji. Kwetu, mche wa barabarani unaupata kwa bei ya sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Mwenye kitalu amesubiri mwaka au zaidi tangu kusia mbegu za mlimao. Neti ya matundu madogo, milango miwili na mabomba, vyote vitaingia kwenye bei ya mche, na mkulima akishindwa kununua atabebesha mwenyewe kwa jicho la shamba la jirani. Marufuku itakuwa imewahamishia uani waliokuwa wakionekana barabarani, mahali ambapo bwana shamba hafiki.

Kuna jambo jingine ambalo neti hailigusi kabisa. Mlimao unastahimili ukame, lakini shina lake huoza kirahisi kwenye udongo unaotuama maji. Nimeona miche mizuri ikifa kwa sababu mkulima alifukia kiungo cha kubebeshea wakati wa kupanda. Mche wa bei mbaya ukifukiwa hivyo hufa vilevile.

Kwa maoni yangu neti ianze kwa mti mama. Mti mmoja uliokomaa hutoa mamia ya macho kwa msimu, hivyo mti mama ukiwa mgonjwa unazaa mamia ya miche mibovu. Nakubali kwamba mche wa jicho safi ukikuzwa mahali pa wazi waweza kuambukizwa kabla ya kuuzwa. Ndiyo maana mche unaovuka mkoa, au unaopanda boti kwenda Unguja na Pemba, ningetaka utoke ndani ya neti bila mjadala. Ule unaopandwa kijiji hichohicho, ambako kidudu kitaufuata shambani hata hivyo, upewe miaka kadhaa ya kujipanga.

Halmashauri hukusanya ushuru wa mazao kila machungwa yanapotoka. Kwa kuanzia ningeomba miti mama ishirini tu, Valencia na Msasa, iliyopimwa maabara, kwenye ndoo kubwa ndani ya neti yenye milango miwili. Na yule kijana wa barabarani aruhusiwe kwenda pale asubuhi na kisu chake, anunue vikonyo vyenye macho kwa bei anayoimudu, apewe na risiti inayotaja mti vilikotoka.