Kinnoull hakuna geti, wala hakuna wa kumuuliza njia

Mwambie mtu wa nyumbani kwamba Waskoti wanapanda kilima Jumapili kwenda kuiona bikoni, atadhani kuna kesi ya kiwanja. Kwetu bikoni ni jiwe la mpaka: linang'olewa usiku, asubuhi ugomvi. Kule ni nguzo ya zege ya mita 1.2 hivi, pana chini, nyembamba juu. Wapimaji hawaihitaji tena tangu zije satelaiti. Watu wanaiendea, wanaigusa, wanarudi.

Ordnance Survey, shirika la ramani la Britania, walijenga nguzo zaidi ya 6,000 nchi nzima, katika upimaji ulioanza 1936 ukamalizika 1962. Kagua kichwa cha nguzo: kuna shaba yenye mifereji mitatu, ndimo miguu ya theodolaiti, darubini ya kupimia pembe, ilimokaa. Ubavuni kuna kibamba chenye namba. Nguzo ilibidi ionane na wenzake, kwa hiyo iliwekwa kileleni penye uwazi. Zile ambazo leo zimezama msituni, mara nyingi miti ndiyo iliyozikuta.

Kwa kuanzia, kilima cha Kinnoull pale Perth, Scotland, kinatosha: mita 222 tu, njia pana, chini ya saa moja unafika. Jihadhari na upande wa kusini, ni genge tupu juu ya mto Tay, na siku ya ukungu ukingo hauonekani mpaka uko juu yake.

Kazi inaanza kwenye mashamba ya misprusi, miti inayofanana na misonobari. Aliyekulia Mufindi atadhani yuko kwenye shamba la miti la Sao Hill: mistari, giza, ndege wachache. Tofauti ni kwamba kwetu msituni hukosi mama mwenye mzigo wa kuni au kijana wa ng'ombe, unauliza, unaonyeshwa kwa mkono. Kule unaweza kutembea saa mbili usikutane na mtu. Njia iko kwenye karatasi, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wetu tunapoumbuka, kwa sababu ramani hatukuizoea.

Kwenye ramani tafuta pembetatu yenye nukta katikati. Namba za gridi, yaani za kutaja mahali kwenye ramani, zenye tarakimu sita zinakupa mraba wa mita 100, na ndani ya misprusi hapo unaweza kuipita nguzo hatua ishirini usiione. Chukua za tarakimu nane au kumi. Simu nayo hudanganya chini ya miti mizito, basi hesabu pia makutano ya barabara za magogo, kisha uingie kwa njia ya kuzuia moto badala ya kukata katikati ya mistari. Hata hiyo unaweza kuikuta imezibwa. Mizizi ya msprusi kwenye udongo wa majimaji haiendi chini, upepo ukija miti inalala. Dhoruba ya Novemba 2021 iliangusha mingi mno. Usipande juu ya miti iliyolaliana, zunguka.

Ukirudi, jikague kupe nyuma ya magoti na kinenani. Mkamate kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, usimminye wala usimpake mafuta. Hawa wa kule wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria.

Ninachowaonea wivu si kilima, vilima tunavyo. Ni sheria yao ya ardhi ya 2003: unatembea karibu popote, hata shamba la tajiri, mradi usiharibu na uheshimu vibao vya ukataji miti. Vilima vya Ngong, Kenya, unalipa getini. Hifadhi za misitu Tanzania, kibali kwanza. Najua hoja ya fedha za ulinzi, na ina uzito, ila mtoto wa kijiji cha jirani kulipishwa kupanda mlima anaouona dirishani, hilo sikubaliani nalo.

Mwisho ni saa. Sisi tumezoea jua la saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Perth mwezi Desemba linazama karibu saa tisa na nusu alasiri, na chini ya misprusi giza linatangulia. Saa saba uwe umeshageuza, na tochi iwe ya kichwani, si ya simu.