Anwani ya daktari si ushahidi

Mdogo wangu ana siko seli. Mwaka jana alitujia msibani kutoka jimbo la Ohio, Marekani, safari ya siku nzima kwa gari. Dawa zake zilikuwa zinakaribia kuisha, kwa hiyo kabla hajaondoka daktari wake alituma cheti cha oksikodoni, dawa kali ya maumivu inayoweza kumfanya mtu awe mraibu, kwa kompyuta hadi duka la dawa lililo karibu na kwetu. Tulipofika dirishani tukakuta karatasi imebandikwa: hawatoi dawa za namna hiyo kwa cheti cha jimbo lingine. Mfamasia hakuuliza hata mgonjwa anaumwa nini. Na mifupa ilikwisha kuanza kumkata.

Niliwasihi wakihamishie cheti duka lingine, na hilo walikubali. Tangu Agosti 2023 kanuni za DEA, idara ya shirikisho inayosimamia dawa hizi, zinaruhusu cheti cha elektroniki ambacho dawa yake haijatolewa kihamishwe mara moja, iwapo sheria ya jimbo haikatazi. Wagonjwa wengi hawalijui jambo hili. Huko tulikokwenda, mfamasia alifungua kumbukumbu za dawa za mgonjwa, akapiga simu Ohio, akampa dawa. Jimbo ni lile lile, sheria ni ile ile.

Sheria ya shirikisho ya 1970 ya dawa zinazodhibitiwa haimkatazi mfamasia kupokea cheti kutoka jimbo lingine. Masharti ya ziada huwekwa na majimbo, kila moja kwa namna yake. Kinachomfunga mfamasia popote alipo ni jukumu: daktari anawajibika kuandika dawa kwa sababu halali ya tiba, na mfamasia anawajibika pamoja naye. Jukumu hilo nalitetea kwa moyo wote. Kuelekea mwaka 2010, watu walijazana kwenye magari kutoka Kentucky na West Virginia hadi Florida, wakapewa vidonge vya maumivu katika kliniki zilizopokea fedha taslimu tu, wakarudi navyo makwao. Watu walikufa, familia zikavunjika. Mfamasia anayeona cheti cha mbali akashtuka, ana haki ya kushtuka.

Lakini akishashtuka, achunguze. Siku hizo Florida haikuwa na daftari la kufuatilia dawa hizi; lilianza kutumika 2011. Leo kila jimbo linalo, na majimbo mengi yanasomeana kumbukumbu. Missouri, lililochelewa kuliko yote, lilipitisha sheria yake 2021. Simu ipo, kumbukumbu zipo, na mgonjwa amesimama mbele yako.

Wapo wanaosema msafiri abebe dawa za kutosha. Oksikodoni iko katika kundi la 2 la dawa zinazodhibitiwa: cheti hakirudiwi, kila mara kinatakiwa kipya, na dawa ikiombwa mapema mfamasia huyo huyo atatia shaka.

Kukataa kabla ya kuuliza ni kulikwepa jukumu lile lile ambalo sheria imempa mfamasia. Naomba karatasi ile ibanduliwe dirishani.