Nasoma elimu, sisomei ualimu

Kila nikipiga simu nyumbani Morogoro, mjomba huniuliza: "Ukimaliza utafundisha sekondari gani?" Namwelewa. Kwetu Tanzania, ukisema unachukua shahada ya elimu, maana yake una masomo mawili ya kufundishia, utajifunza kuandaa azimio la kazi na andalio la somo, uende mazoezi, kisha usubiri ajira.

Hapa Massachusetts, Marekani, niko kwenye chuo kidogo ambako mwanafunzi huchanganya falsafa, historia, fasihi na sayansi kabla ya kuzama kwenye fani moja. Fani yangu ni elimu, na shule tunaichunguza kama mtu anavyoweza kuichunguza ndoa, dini au mahakama: nani aliianzisha, nani anafaidi, nani anaachwa nje. Muhula wa kwanza tulisoma kesi ya wazazi wa San Antonio, Texas. Walilalamika kwamba shule zikitegemea kodi ya majengo ya eneo zilipo, mtoto wa mtaa maskini anaonewa. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Kumbe hata huku tunakokusifia, mtaa unamozaliwa unaamua shule utakayoipata.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Profesa aligawa Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967. Nyumbani nilikariri malengo yake kwa ajili ya mtihani nikapata alama zote, lakini waraka wenyewe sikuwahi kuushika. Nikausoma usiku ule maktabani. Mwalimu anauliza shule ni ya kazi gani katika nchi ya wakulima, na anataka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari, maana watoto wengi walikuwa wanaishia hapo. Maswali haya ni yetu. Nimelazimika kupanda ndege kuyakuta.

Nikakumbuka kidato cha kwanza. Tulitoka darasa la saba tukisoma kwa Kiswahili, ghafla kila kitu Kiingereza. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kibao cha mbao shingoni. Rafiki yangu aliyekuwa akituongoza kwenye hesabu alinyamaza mwaka mzima. Tulimwita mzito. Hakuna aliyetufundisha kuiuliza shule yenyewe.

Sisemi tuige kila kitu. Ada za huku ni balaa, na bila ufadhili nisingekanyaga. Suala la ajira analolisema mjomba nalo ni zito. Ila vyuo vyetu vingeweza kabisa kuwa na somo kama hili, kwa Kiswahili, hata kwa mtu asiyetaka kushika chaki.

Jumamosi nilimwuliza mjomba, aliyekuwa darasa la sita mwaka 1974, kuhusu shamba la shule yao. Alizungumza saa nzima: ndoo za maji kabla ya kengele, mchicha waliouza, na hela ambazo hawakuelezwa zilikwenda wapi. Nimejaza kurasa nne za daftari, na ameahidi kumtafuta mwenzake aliyekuwa kiranja wa shamba.