Taa ya Nyuma Imegeuka Mtungi

Mvua imekatika tangu juzi. Barabara imekauka, nguo zimekauka kambani, hata lile dimbwi la mbele ya geti limekauka. Maji yamebaki sehemu moja tu: ndani ya taa ya nyuma ya kulia. Ukikata kona yanayumba, ukikanyaga breki yanang'aa mekundu kama juisi ya rozela. Wala hatulalamiki. Mwenye gari ana heshima yake mtaani, na heshima ikivuja unaifuta kimyakimya kwa kitambaa.

Ukungu mwembamba wa alfajiri, unaoondoka taa ikipata joto, si ugonjwa. Taa ina vitundu vyake vya kupumulia. Lakini maji yakituama, ujue kuna mlango: ufa kwenye kioo (tunakiita kioo, ni plastiki), maungio ya kioo na kasha, au mpira wa soketi ya balbu uliokakamaa.

Sasa mpelekee fundi wa chini ya mwembe. Anaipiga taa kwa ukucha mara mbili, kama anayechagua tikitimaji. "Bosi, hii dakika tano." Maji yameingilia wapi, hana habari. Anakwenda kwa mama ntilie, anachomeka msumari wa inchi tatu kwenye jiko la chapati, anarudi mbio ameushika kwa koleo, chwiii! Tundu chini ya taa. "Yakiingia, yanatokea hapa." Muulize kwa adabu: "Na vumbi je, fundi?" "Vumbi litatoka na maji, bosi." Utajibu nini? Maji yanatoka, kweli, ila vumbi na tope la gurudumu vinaingia, na rifleta, ile sehemu ya ndani inayorudisha mwanga, iliyong'aa kama sinia la harusi inafifia kama sufuria ya ubwabwa. Hajamaliza. Anazungushia supaglu, mvuke wake unaacha weupe kwenye kioo. Anaona aibu, anaufuta ule weupe kwa petroli, plastiki inapasuka vinyufa kama utando wa buibui. Ulikuja na tatizo moja, unaondoka na manne, na mama ntilie anakudai wewe chapati iliyonuka plastiki. Wewe!

Jamani, kazi yenyewe ni ndogo. Fungua buti, legeza nati mbili tatu, nyingi ni za spana namba 10, chomoa soketi, vuta taa moja kwa moja kuelekea nyuma. Ukiipindisha, zile pini za pembeni zinavunjika. Ziba kila tundu kwa selotepu, vya kupumulia pia, bakiza moja la soketi. Zamisha taa kwenye ndoo, puliza kwa mdomo. Panapotoa mapovu, weka alama. Ikaushe kabisa kwa draya ya saluni, moto mdogo. Kwangua gundi ya zamani, futa kwa spiriti, si petroli wala tina ya rangi, kisha pitisha silikoni, ile gundi ya kuzibia, unene wa milimita 3. Chagua isiyonuka siki, maana inayonuka siki inakula shaba. Iache saa 24. Si "mpaka ishike kidogo", saa ishirini na nne! Bandua selotepu yote, taa ipumue. Na nati usizikaze kwa hasira za fundi. Kasha likipasuka, unaanza upya.

Soketi ikiwa na kutu ya kijani, isugue kwa msasa laini. Ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, ikifa, ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka hafifu, na trafiki haulizi habari za ethi, anaandika faini.

Na hawa vijana wa kuosha magari, mpira wa presha wanauelekeza palepale kwenye maungio kama wanazima moto.

Kuna gasketi nyingine, ile ya sponji kati ya taa na bodi. Hiyo ikichoka, taa inabaki kavu, maji yanateremka kimyakimya hadi chini ya tairi la spea. Jeki inaota kutu, zulia linaoza, abiria wa nyuma wanaanza kutazamana. Dawa ni sponji mpya au utepe wa butili, ule wa mpira unaonata. Lakini nani anafunua zulia? Tunanunua pafyumu ya kuning'iniza kwenye kioo. Sasa gari linanuka dagaa na stroberi, na anayeshuka anaaga haraka bila hata kufunga mlango vizuri, na mlango wenyewe ule, usipoubamiza mara mbili...