Mlingoti wa Pili

Mimi ni mtu wa Singida. Nalisema mapema ili mnihurumie. Maji makubwa niliyokulia ni ya Ziwa Singidani, na kazi yangu huko ilikuwa kuyatazama. Halafu nikaja Dar es Salaam kutafuta maisha, nikaoa Kigamboni, kwenye ukoo ambao mtoto akianza kutambaa anaelekea ufukweni. Baba mkwe wangu amevua maisha yake yote kwa mshipi wa mkono: nailoni imezungushwa kwenye kibao, chubwi la risasi la kuuzamisha, ndoana, basi. Ukimpa mkono unagusa mifereji ambayo mshipi umemchimbia vidoleni.

Miaka sita nilikuwa mkwe mwenye heshima, kwa sababu zikianza habari za bahari mimi nanyamaza. Kosa nililifanya mwezi wa kumi na moja, tumekaa mkekani Mjimwema tunakula wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nadhani nilikuwa nimeshiba mno. Nikasema, "Baba, siku hizi kuna fimbo za kisasa za kuvulia. Huu mshipi wa mkono ni kujitesa tu."

Mzee akatafuna. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka pembeni ya sahani.

"Basi tuletee hiyo fimbo, mwanangu, tupumzike."

Mke wangu akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza.

Elimu yangu yote ya fimbo ilitoka kwenye video za simu. Kulikuwa na mzungu mmoja, fimbo yake ndefu kama mnazi mchanga, anaipeleka nyuma, anaifyatua, chubwi linapotea machoni, baada ya dakika mbili anavuta samaki wa kulisha harusi. Nilimtazama kama mara thelathini. Kitu kimoja sikukiona katika mara zote hizo: yule bwana alikuwa amesimama nchi kavu.

Nikaenda Kariakoo, duka ambalo sitalitaja kwa sababu huwa napita pale mbele. Kijana akaniuliza, "Samaki gani, bosi?" Nikamwambia wakubwa. "Utavulia wapi?" Nikamwambia baharini. Mahojiano yakaishia hapo. Angeniuliza kama ni ufukweni au chomboni nisingekuwa na kisa cha kusimulia, lakini hakuuliza, na mimi sikujua kwamba hilo ni swali.

Akanitolea fimbo tatu. Moja fupi, kama futi sita na nusu, nene, ngumu, nikaiona kama mwiko wa ubwabwa wa shughuli. Ya pili nyembamba inayonesanesa, ya kuvulia perege bwawani. Ya tatu ilikuwa ya kuvutika, ile ambayo vipande vinaingia kimoja ndani ya kingine kama antena ya redio za zamani. Akaivuta. Ikatoka mlangoni. Mama aliyekuwa anapita na ndoo ya plastiki kichwani akaikwepa bila hata kusimamisha maneno yake kwenye simu.

Karibu na mshikio pameandikwa 4.20 m, na chini yake 100–250 g.

"Hizi gramu ndiyo nini?"

"Uzito wa fimbo yenyewe, bosi. Kaboni hiyo. Unyoya!"

Nikainyanyua. Ilikuwa inakaribia uzito wa kuku. Lakini nikamwamini, maana mtu akishapenda hata mizani anaitilia shaka. Ile fupi ilikuwa elfu sitini. Hii aliitaja laki moja na themanini, tukavutana mpaka laki na arobaini, na rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, juu. Nikatoka nayo begani, natembea Kariakoo kama ofisa.

Jumapili alfajiri nikapanda daladala ya Kivukoni, nikavuke kwa pantoni. Nimekaa kiti cha nyuma kabisa, fimbo imekunjwa, nimeilaza juu ya mapaja, ncha inatazama mbele katikati ya njia. Kile kifuniko cha plastiki kinachozuia vipande visitoke nilikuwa nimekivua nyumbani, kwa sababu nilikiona ni karatasi ya dukani tu, kama zile nailoni za kwenye rimoti.

Dereva akashika breki kwa ajili ya bodaboda.

Sijawahi kuona kitu kinachotoka kwa utulivu namna ile. Shwaaa. Kipande, kipande, kipande, fimbo ikapita kati ya abiria, ikapita kwapani kwa mzee aliyeshika bomba, ikapita juu ya kapu la mama wa mchicha, ikaenda kumgusa dereva nyuma ya sikio. Dereva akapiga kibao shingoni akidhani mbu.

Konda akaifuata ile fimbo kwa macho kutoka mbele mpaka nyuma, akanifikia mimi. "Kaka, wewe nauli ya mmoja. Huyo mwenzako aliyelala atalipa mwenyewe?"

Nililipa nauli mbili.

Mjimwema nikawakuta wameshatayarisha ngalawa, mzee na shemeji yangu. Shemeji ni kaka wa mke wangu, na wakati mwingine hupata kibarua kwenye boti zinazopeleka wageni kuvua. Kwa hiyo fimbo anazijua, na nalitaja hilo kwa uchungu, kwa sababu alipoiona yangu hakusema kitu. Aliisoma pale kwenye mshikio, akanitazama, akaisoma tena, akaenda kukaa mbali kabisa na mimi kadiri chombo kilivyoruhusu.

Bahari ilikuwa imetulia, kaskazi ndiyo kwanza inaanza. Tukatweka tanga kuelekea kisiwa cha Sinda, huku meli zinazosubiri zamu ya bandari zimepanga foleni kule nje. Tukatia nanga penye maji ya pima kumi hivi, mzee anajua mwenyewe jiwe lake liko wapi. Akafungua kibao chake, akachomeka kipande cha ngisi kwenye ndoana, akaachia mshipi uteremke. Sekunde chache tu, mtu kazini.

Mimi nikaanza kuvuta fimbo yangu. Ilichukua muda. Mzee akawa anaifuata inavyopanda, mpaka ikafika juu.

"Mwanangu, huu mlingoti wa pili ni wa nini?"

Nikafunga chubwi la gramu 150, kwa kuwa lilikuwa limekuja na rili. Nikasimama. Kusimama ndani ya ngalawa tayari ni kosa. Mzee akasema samaki wako hapa chini, mimi nikajibu, "Subiri baba, uone." Nikaipeleka nyuma kama yule mzungu, nikahesabu moja, mbili, nikaifyatua kwa nguvu zote za mkoa wa Singida.

Ilitoka vizuri. Hilo lazima niseme. Rili ililia, chubwi likapaa, na nyuma ya chubwi nikaona kitu cheupe cha mviringo kinapita hewani, taratibu, kwa heshima, juu ya Bahari ya Hindi. Nikawaza, huyu ni ndege gani?

Ilikuwa kofia ya mzee.

Ile ya kushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, aliyoshonewa na mama mkwe. Ndoana iliinyakua kichwani kwake bila kugusa unywele. Na chubwi lilikuwa limetangulia hapo hapo. Lingepita chini kidogo tu, ningekuwa nawapigia simu ndugu wa Singida waje kwenye msiba ambao mfiwa na mtuhumiwa ni mtu mmoja.

Kimya. Kisha shemeji, bila kugeuka: "Hatua hamsini hizo. Imefika mbali."

Nikaanza kukunja. Hakuna samaki aliyewahi kuvutwa kwa adabu kama kofia ile. Ikafika imebeba majani ya baharini, nikaitoa ndoana huku vidole vinatetemeka, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Nisamehe baba." Akaikamua. Akaivaa hivyo hivyo, maji yanamtiririka masikioni.

"Samaki wako chini yetu, mwanangu. Si Zanzibar."

Basi nikateremsha chini. Na kweli, baada ya muda fimbo ikanyonga ncha. Changu! Nikakunja, nikakunja, akatokea juu ya maji, mwekundu, mzuri. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo yule wa kwenye video hakulisema. Ukishika fimbo ya mita nne, samaki anatoka majini mita nne kutoka ulipo. Mwenye kusimama ufukweni anarudi nyuma, samaki anaburuzika mchangani. Mimi nirudi nyuma niende wapi? Nyuma yangu palikuwa na mzee, na nyuma ya mzee ni maji mpaka India.

Nikamwinua. Akaanza kubembea. Akaja kwetu, nikanyoosha mkono, nikamkosa, akarudi. Akaja tena. Mara ya tatu alimzaba shemeji kofi la shavu, pwaa, akajinasua, akadumbukia kwenda kuwahadithia wenzake.

Shemeji akajifuta magamba. Hakusema kitu tena. Huo ukimya wa ukwe ni adhabu ambayo sheria haijaifikia.

Ningekuwa na akili ningeikunja pale. Lakini dakika ishirini baadaye kitu kikashika kwa namna nyingine kabisa. Fimbo iliinama mpaka ngalawa ikaegama. "Kolekole huyo!" akasema mzee, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilikuwa na furaha. "Mwachie! Mwachie aende kwanza!"

Kumwachia kunahitaji breki ya rili ilegezwe, mshipi utoke samaki anapovuta. Mimi breki nilikuwa nimeikaza mpaka mwisho tangu nyumbani, kwa imani kwamba breki ni ya kukazwa, kama ya baiskeli. Samaki akavuta chini, mimi nikavuta juu. Nikainua fimbo mpaka ikasimama wima, mshikio tumboni, ncha imepinda juu ya kichwa changu inatazama chini kama fimbo ya bibi kizee.

Ta!

Si mlio mkubwa. Kama mtu kavunja kuni kavu. Kipande cha pili kutoka nchani kilikatika, ncha ikateleza kwenye mshipi mpaka majini, nikabaki nimeshika kitu cha kupigia punda.

Lakini mshipi ulikuwa haujakatika. Mzee alishaliona hilo kabla sijamaliza kusema mama yangu. Akaupitia mshipi mkononi, pale ulipotoka kwenye fimbo iliyovunjika, akaanza kazi: anavuta, anaachia, anavuta, anazungumza na yule samaki kwa sauti ya chini kama anambembeleza mtoto asilie. Baada ya robo saa kolekole alikuwa ndani ya chombo, mrefu kama mkono wangu mzima, anapiga mkia juu ya miguu yangu.

Tukiwa tunarudi, tanga limejaa, shemeji ndiyo akafungua mdomo. Alisoma yale maandishi ya mshikioni kwa kidole. Zile gramu si uzito wa fimbo, ni uzito wa chubwi inaloweza kulirusha. Ukifunga dogo fimbo haistuki, ukifunga zito mno utaivunja. Fimbo ndefu ya futi kumi na tatu, kumi na nne, ni ya ufukweni, ivuke mawimbi na miamba. Chomboni ni futi sita au saba, nene, ngumu, ya kumwinua samaki kutoka chini. "Na kaboni hiyo," akasema, "ni nyepesi na inasikia hata samaki akikohoa, lakini haipendi kupindwa ikiwa wima. Ukiisimamisha vile, tako lake, huku kwenye mshikio, halifanyi kazi, mzigo wote anabeba ncha. Ya faiba ni nzito kidogo, ila ina uvumilivu. Kwa mtu kama wewe, shemeji, faiba."

"Sasa kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Baba alisema nisikuingilie. Alitaka kupumzika."

Kule nyuma, mzee akaangalia upepo.

Kwa hiyo ule mwiko wa elfu sitini ndio uliokuwa wangu.

Mabaki ya fimbo niliyaacha kwao, sikuwa na uso wa kupanda nayo daladala. Nilidhani wataitupa. Wiki mbili baadaye tumekwenda kusalimia, nikakuta mama mkwe ameifunga waya uliopindwa na mfuko wa wavu wa vitunguu pale ilipokatikia. Ule mwembe wao ulikuwa umejaa, na embe za juu hakuna upondo uliowahi kuzifikia. Fimbo inavutwa, inafika, inazungusha, embe linaingia mfukoni bila kupasuka. Watoto wamesimama chini wanashangilia kama mpira. Shemeji ameweka sharti moja tu: tawi lililo karibu na nyaya za umeme lisiguswe nayo, kwa sababu kaboni inapitisha umeme.

Majirani wameanza kuja kuiazima. Mama mkwe haazimishi, anakodisha, shilingi mia tano kwa mwembe mmoja, na mlalamikaji anaambiwa hicho ni kifaa cha laki na arobaini. Mara ya mwisho nilipouliza, ilikuwa imeshaingiza elfu kumi na moja. Nilimkumbusha kwa upole kwamba mwenye kifaa ni mimi. Akaniambia, "Marahaba mwanangu," ingawa sikuwa nimemwamkia, akaenda kuhesabu embe.