Kaa bilioni 10 wa Bering na lawama kwa waliowahesabu

Tangu Alaska ilipofunga msimu wa kaa wa theluji, kaa wa maji baridi wa Bahari ya Bering iliyo kati ya Alaska na Urusi, Oktoba 2022, kwa mara ya kwanza katika historia ya uvuvi huo, hoja mbili zinavutana. Wavuvi wengi wanasema: mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kaa wamejaa tele, mwaka 2021 wakasema wamekwisha, kwa hiyo hesabu mojawapo haikuwa ya kweli. Watafiti wanajibu kwamba hesabu zote mbili ni sahihi, na kilichopita katikati ni vifo vya kaa zaidi ya bilioni 10. Hoja ya kwanza ikitoka kwa mtu mwenye meli, deni la benki na mabaharia wanaosubiri ujira, inagusa moyo. Udhaifu wake ni kwamba wengi wanaoirudia hawajui kaa hao huhesabiwa vipi.

Kila majira ya joto meli za kukodi huzunguka eneo la kina kifupi la mashariki ya Bahari ya Bering, lililogawanywa miraba ya maili 20 za baharini kila upande. Vituo ni 375 hivi na havihamishwi kufuata kaa waliko. Kila kituo hushushwa wavu wa kukokota wa aina ileile, kamba ya juu mita 25 na ya chini mita 34, ukavutwa dakika 30 kwa mwendo wa maili 3 za baharini kwa saa. Kifaa kilichofungwa kwenye wavu huandika joto la maji na kina. Wavu ukipandishwa, madume hutengwa na majike, upana wa gamba hupimwa kwa milimita, uchakavu wa gamba huandikwa, mayai ya majike hukaguliwa. Umri haupimiki. Samaki ana kijiwe cha sikio chenye miduara ya miaka, lakini kaa hujivua gamba zima na kumbukumbu yake huenda nalo, hivyo ukubwa ndio hushika nafasi ya umri.

Sasa tazama uwiano wenyewe, maana hapo ndipo mkosoaji anapopata nguvu. Wavu hufunguka mita 17 hivi na kukokotwa kilomita 2.8, yaani hufagia takriban kilomita ya mraba 0.05 ndani ya mraba wa kilomita za mraba 1,370. Ni sehemu moja kati ya 28,000 hivi. Kaa mmoja anayewekwa juu ya meza ya kupimia anahesabiwa kwa niaba ya maelfu ambao hakuna aliyewaona. Tena wavu haushiki wote walio mbele yake: wadogo na waliojifukia kwenye tope hupita chini ya kamba. Jambo hili halikufichwa. Taasisi ya utafiti inayogharimiwa na wenye sekta ya kaa ilikokota wavu unaoshikana zaidi na sakafu sambamba na wa serikali mwaka 2009 na 2010, na ikaonekana wazi kwamba wa serikali huacha wengi nyuma, kutegemea kina na aina ya sakafu.

Kwa hiyo anayesema bilioni hizo si idadi kamili yuko sahihi. Anapokosea ni kudhani kwamba kasoro hiyo inaweza kuwapoteza kaa ghafla. Mizani inayopunja kwa kiwango kilekile haikupi uzito wa kweli wa gunia, lakini gunia likibaki nusu itakuonyesha. Ili anguko la 2021 liwe kosa la wavu, ingebidi wavu huo ukatae kaa wa theluji peke yao huku ukiendelea kuleta samaki bapa wanaoishi nao kwenye tope moja. Dai kwamba walihama lilichunguzwa pia. Upimaji wa kaskazini zaidi haukukuta kundi la kufidia pengo. Kwenye mteremko wa kina kirefu hakujapimwa tangu 2016, lakini mteremko huo ni mwembamba mno kuwameza bilioni 10.

Je, walivuliwa? Wavuvi wa madema ya chuma hubaki na madume peke yao, na soko hutaka wenye gamba la milimita 102 kwenda juu. Kati ya waliotoweka wamo majike na wachanga ambao hakuna kiwanda kinachowanunua. Nyavu za kukokotwa ni suala gumu zaidi, na hapa wavuvi wa madema wanastahili kusikilizwa kuliko wanavyosikilizwa. Nyavu za samaki aina ya poloki, zinazoitwa za katikati ya maji, hugusa sakafu, na kaa aliyepondwa chini yake haingii katika hesabu ya mtu yeyote. Lakini ombi lao la kufunga eneo kwa dharura, lililokataliwa Januari 2023, lilihusu kaa wa aina nyingine, kaa mwekundu mfalme wa ghuba ya Bristol Bay. Kuchukua ushahidi wa kaa huyo na kumbandika wa theluji kunayadhoofisha mashtaka ambayo yangeweza kusimama kwa miguu yake.

Maelezo ya watafiti kwamba kaa walikufa njaa, yaliyochapishwa Oktoba 2023, hupokelewa kama kisingizio cha kutupia kila kitu mabadiliko ya tabianchi. Yafuate hatua kwa hatua. Barafu ya majira ya baridi ikiyeyuka huacha juu ya sakafu maji yaliyo chini ya nyuzi 2 za Selsiasi, na humo ndimo kaa wachanga hukulia, mbali na samaki aina ya kodi wa Pasifiki, wanaowala kaa na ambao hawapendi baridi hiyo. Mwaka 2018 maji hayo karibu yatoweke. Maabara ilikwisha kuonyesha kwamba kaa akitoka nyuzi 0 hadi 3, chakula anachohitaji hukaribia maradufu. Ukijumlisha joto na wingi wao uliovunja rekodi, mahitaji ya kundi zima huenda yaliongezeka hadi mara nne kati ya 2017 na 2018, katika eneo ambalo halikuongezeka hata hatua moja. Kaa wa upana wa milimita 75 walikuwa na uzito pungufu kwa takriban gramu 25 kuliko wenzao wa gamba hilohilo waliopimwa kwenye maji ya baridi zaidi. Samaki hao wa kodi, ugonjwa na kaa kulana wao kwa wao vimo katika hesabu hiyo, lakini vilivyoambatana zaidi na vifo ni joto na msongamano.

Upungufu wa hoja hii usifichwe: hakuna aliyeona mizoga. Upimaji hufanyika majira ya joto tu, na wanaokufa chini ya barafu Februari huwa wameliwa ifikapo Juni. Njaa imehitimishwa kwa mizani na hesabu.

Kinachouma kuliko yote ni mwaka 2020. Kwa sababu ya korona meli za upimaji hazikutoka. Msimu wa 2020/21 ukaruhusiwa kuvua kaa wenye uzito wa pauni milioni 45, zaidi ya uliotangulia, kwa kutegemea picha ya kiangazi cha 2019. Uliofuata ulipewa milioni 5.6, kisha sifuri, na kisiwa cha Saint Paul katika bahari hiyo, ambacho mapato yake mengi ya ushuru yalitokana na kaa hawa, kikatangaza hali ya dharura. Wavuvi wanaoitumia hadithi hii kudai upimaji hauna maana wanaukata mkono ule uliokosekana mwaka walioumizwa. Msimu ulipofunguliwa tena 2024, kwa pauni milioni 4.72, ni wavu uleule ulioonyesha kwamba kaa wameanza kurudi.

Lawama moja kwa watafiti ingebaki hata wavu ungekuwa mkamilifu. Kaa mwenye njaa hapungui upana. Gamba hubaki lilivyo huku nyama ikinywea ndani yake. Miaka yote hiyo rula ilitumika kuliko mizani, na waliopimwa uzito ni wachache. Gramu 25 zilikuwepo juu ya meza mwaka 2018, miaka mitatu kabla ya wavu kupanda mtupu.